Sheikh aliyepata duara la nuru: habari za kutoa bakgraundi kwenye kazi za kuchapa

Wateja wangu siku hizi hawasemi "nitolee bakgraundi", wanasema "nifanyie PNG". Hapa Ngamiani, Tanga, PNG, ambayo ni aina tu ya faili ya picha, imeshageuka jina la kazi, mtu anaingia steshenari simu mkononi, "fundi hii nipe PNG yake fasta", afu anakaa kwenye benchi akidhani ni kitu cha kubonyeza mara moja kama fotokopi. Na kusema kweli siku hizi mara nyingi ni kubonyeza mara moja tu, siwezi kuwalaumu, app zimejaa kwenye simu, unaweka picha inazunguka kidogo inarudi imeshakatwa. Ila mi napanga kurasa, sitengenezi stika za WhatsApp, na picha iliyokatwa ikapendeza kwenye simu ikifika kwenye karatasi ya A3 inakuwa habari nyingine kabisa. Hilo nimejifunza kwa hela yangu mwenyewe, ntawasimulia.

Tumalize kwanza hili la PNG maana linanichosha. Faili kuitwa PNG haimaanishi ina uwazi, yaani kwamba nyuma ya umbo hakuna rangi, unaona cha chini yake. Kuna zile picha watu wanashusha mtandaoni, logo sijui ya timu sijui ya nini, nyuma ina vimraba vya kijivu na vyeupe kama bao la draft, mtu anafurahi kapata yenye uwazi, anaileta, naiweka kwenye ukurasa, vimraba vinakuja navyo! Vimechorwa pale, ni sehemu ya picha. Nna mteja mmoja aliniambia niviache tu vinapendeza, nikaviacha, kadi ya mwaliko ikatoka na draft nyuma.

JPG, ile faili ya kawaida ya picha za simu, yenyewe haijui kitu kinachoitwa uwazi, kila pikseli, yaani kila kidoti cha picha, lazima iwe na rangi, basi. Ukikata mtu kwenye Photoshop ukahifadhi kama JPG pale pa wazi panajazwa rangi, mara nyingi nyeupe, na kazi yako imerudi sifuri. GIF inajua uwazi ila kibubu, pikseli ipo au haipo, hakuna katikati, ndo maana logo za GIF zina kingo za meno ya msumeno, na rangi zake mwisho 256. PNG ilipokuja miaka ya 1990 kuchukua nafasi ya GIF ilikuja na ngazi 256 za uwazi, kwa hiyo ukingo wa nywele unaweza ukafifia polepole mpaka uishe. Hapo ndo utamu wake ulipo. Ubaya wake kwetu sisi wa kuchapa, PNG haibebi CMYK, yaani rangi za wino nne za kuchapa, ni RGB tu, rangi za mwanga wa skrini, na ntarudi hapo.

Sasa kisa chenyewe.

Ustadhi mmoja wa madrasa alikuja anataka kalenda za mwaka, A3, zina miezi ya kawaida na ya Kiislamu pamoja, juu kuna picha ya sheikh wao mkubwa, bakgraundi ya kijani iliyokolea na mapambo ya dhahabu. Kazi nzuri. Picha akanitumia WhatsApp. Naifungua, sheikh kasimama mbele ya ukuta wa chokaa, mweupe pe, kavaa kanzu nyeupe, kofia nyeupe ya vito, na ndevu zake, mashaallah, nyeupe zote. Nikajisemea haya, hapa kuna mtu mmoja mweupe kwenye bahari ya maziwa.

Kompyuta ya dukani wakati huo ilikuwa na Publisher, programu ya Microsoft ya kupangia kurasa, na Publisher ina kile kitufe cha kuchagua rangi moja iwe wazi, Set Transparent Color, unagusa ukuta tu unaondoka. Nikagusa. Ukuta ukaondoka nusu nusu na kanzu nayo ikaondoka, yaani kijani ikawa inachungulia kifuani na kwenye mikono, sheikh kama kaota ukoga. Sababu yake ni ndogo sana ukishaijua: kile kitufe hakijui nini ukuta nini kanzu, kinaijua rangi moja tu, na kinaiondoa popote ilipo kwenye picha nzima. Na kwa kuwa picha ni JPG iliyobanwa na WhatsApp, ule weupe wa ukuta sio weupe mmoja, ni weupe mia, huyu namba 255 ambayo ni nyeupe kabisa, yule 253, mwingine una unjano kidogo, ndo maana ukuta ulibaki na madoa ya vumbi wakati kanzu ilitoboka. Kile kitufe kinafaa logo ya rangi mbili iliyochorwa kwenye kompyuta, picha ya mtu usikisogeze karibu.

Nikaingia mtandaoni kwenye zile huduma za kukata zenyewe. Remove.bg ilipotoka mwisho wa 2018 mi nilidhani kazi yetu imeisha, na kwa picha ya kawaida, mtu mwenye nywele nyeusi mbele ya ukuta wa bluu, inakata vizuri kunishinda. Ila sheikh wetu ilimrudisha kofia imeliwa upande mmoja, na ile ya bure inakupa picha ndogo, robo ya megapikseli, kama 625 kwa 400. Piga hesabu sasa. Kwenye kuchapa tunataka pikseli 300 kwa kila inchi, sentimita 10 tu za upana zinataka pikseli kama 1181. Hiyo 625 inakupa sentimita 5 na kidogo. Mi sheikh alikuwa akae sentimita 18. Ukiivuta mpaka hapo uso unakuwa kama unauona kupitia glasi ya bafuni.

Basi usiku ule saa tano nikaamua kumkata kwa mkono, na hapa ndo nilipofanya ujinga, nilichukua kifutio. Kifutio! Brashi ya duara nafuta ukuta kuzunguka kichwa, nafuta, nafuta, naogopa kugusa kofia maana siioni inaishia wapi, kwa hiyo naacha kaukingo kidogo ka usalama. Kwenye skrini nimeweka asilimia 50 naona safi kabisa. Nikaenda kulala, asubuhi nikatuma Dar kwenye mashine ya ofseti, ile kubwa ya kiwandani, nakala 300.

Zimerudi, ustadhi kafungua bunda, kaangalia, kanyamaza. Mi nasubiri sifa. Akaniambia kwa upole kabisa, "Fundi, kazi nzuri, lakini mbona sheikh umemwekea duara la nuru kichwani? Sisi hayo mambo hatuna, hizi si zile picha za ndugu zetu kanisani?"

Naangalia, kweli bana. Kale kaukingo ka usalama kalikuwa ukuta wa chokaa, kwenye kijani iliyokolea kamewaka kamezunguka kofia na mabega kama taa. Nilitamani sakafu inimeze. Kiwandani hawana kosa, wao wamechapa nilichowapa, hasara ikawa yangu. Zile 300 hazikutupwa, ustadhi alikata sehemu ya juu na kisu cha karatasi akagawia watoto miezi tu bila sheikh.

Nikae kidogo kwenye lile duara maana ndo ugonjwa wa kila siku, hata wewe unayetumia app utakutana nao. Ukingo wa mtu kwenye picha sio mstari, ni uchochoro wa pikseli mbili tatu ambazo zimechanganyika, nusu ngozi nusu ukuta. Ukikata nje ya uchochoro unabeba ukuta. Ukikata katikati bado unabeba nusu ya ukuta. Kama mtu katolewa kwenye ukuta mweupe na anaenda kuwekwa kwenye karatasi nyeupe hutaona kitu, ndo maana watu wanajidanganya, wanamwangalia kwenye ukurasa mweupe wanaridhika. Akienda kwenye kijani au nyekundu au nyeusi, anawaka. Na kinyume chake, aliyetolewa kwenye giza akiwekwa kwenye nyeupe anapata wanja. Kwa hiyo mi siku hizi kabla sijakata chochote nauliza inaenda kukaa juu ya rangi gani, afu naweka leya ya rangi hiyohiyo chini ya picha na nakata nikiwa naiona pale pale. Na naangalia kwa asilimia 100 na 200, sio 50. Ukishachagua umbo, liingize ndani pikseli moja, lilainishe nusu pikseli, inatosha. Photoshop ina Defringe kwa ajili ya mabaki, inasaidia kiasi, ila kukata ndani tangu mwanzo kunashinda.

Na kifutio marufuku. Ukifuta umeua. Tumia maski, ambayo ni kama kuifunika picha kwa karatasi iliyotobolewa, nyeusi inaficha nyeupe inaonyesha, ukikosea unapaka nyeupe sehemu inarudi. Yule sheikh ningekuwa nimemfanyia maski ningerudi dakika kumi tu kuondoa ile nuru, badala yake nilikuwa nimeshafuta na faili nimehifadhi juu yake.

Kurudia kazi nikaona nisipigane na ile picha tena. Hii watu hawaipendi ila nasema: wakati mwingine dawa ya bakgraundi ni kwenda kupiga picha nyingine. Tulienda na ustadhi nyumbani kwa sheikh asubuhi, tukatundika blanketi la kijivu barazani, tukamwomba asimame hatua mbili mbele yake ili kivuli chake kisidondokee pale. Mjukuu wake alitaka tutumie kanga ya kijani "kama wanavyofanya kwenye sinema", nikakataa maana kitambaa cha kijani kinarusha rangi yake kwenye kitu cheupe, kanzu ingekuwa na kijanikijani kwenye mikunjo, ingawa kwa kuwa kalenda yenyewe ilikuwa ya kijani pengine hakuna ambaye angejua. Picha nikapiga na simu, nikaihamisha kwa waya. Kama huna waya tuma WhatsApp kama dokumenti, sio kama picha, ile ya kawaida inabanwa mpaka inakonda.

Kukata: kanzu na mabega nilienda na peni. Peni ya Photoshop inatesa wiki ya kwanza, baada ya hapo hutaki kingine, unapanda nukta unavuta mkono wa mviringo, nukta chache iwezekanavyo, mstari unatoka laini kama umekatwa na wembe. Ndevu huwezi kukata na peni, zitatoka kama plastiki, hizo nilitumia maski na brashi laini nyembamba nikafuata nywele moja moja zile za nje, za ndani ziko sawa tu. Kofia ya vito nayo ina yale matundu yaliyodariziwa, nje ni umbo moja safi ila zile app zinaingia kwenye matundu zikidhani ni bakgraundi, kwa hiyo kofia pia peni, kwa nje tu, matundu yabaki na kivuli chake cha asili. Saa moja na nusu ikaisha. Huyo anayekaa kwenye benchi akisubiri fasta mumwambie.

Kama huna Photoshop, GIMP ni ya bure na ina peni ya kuchorea njia, yaani ule mstari wa kukatia, na maski vilevile, na Photopea unaifungua kwenye brauza inafanana na Photoshop mpaka vitufe, kwenye kompyuta ya kazini isiyoruhusu kuweka programu mi ndo naitumia.

Sasa picha ikishakatwa inaingiaje kwenye ukurasa, hapa ndo watu wa dizaini za simu na watu wa kuchapa tunaachana njia. Publisher mpe PNG, hana neno. (Microsoft wamesema Publisher inafikia mwisho wake Oktoba 2026, kwa hiyo kama una mafaili yako ya zamani ya kadi na kalenda yageuze PDF mapema usije ukalia.) InDesign, programu ya Adobe ya kupangia kurasa, usihangaike na PNG kabisa, mpe PSD yenyewe, faili la Photoshop, na leya zake na maski yake, inaisoma, ukirekebisha kule inabadilika huku. Na PSD inabeba CMYK, kwa hiyo kijani unaiona itakavyotoka, sio ile kijani ya RGB inayowaka kwenye skrini afu kwenye karatasi inakuja imepoa kama mchicha wa jana. Kama mashine ni ya dijitali ya pale mtaani, RGB inapita tu, ila ofseti geuza mwenyewe usiwaachie wao.

Wazee waliotufundisha enzi za PageMaker, programu ya zamani ya kupangia kurasa, walikuwa hawana raha hii. PageMaker ilikuwa haielewi uwazi, kwa hiyo walikuwa wanachora njia na peni wanahifadhi kama EPS, aina ya faili ya kuchapia, ile njia inafanya kazi ya mkasi, kilicho nje hakichapwi. Mkasi tu, hakuna kufifia. Nywele ulikuwa unazipiga pasi kwanza. InDesign ikaanza kuelewa uwazi wa kweli toleo la 2 mwaka 2002. Ila ule ujanja wa njia haujafa, mi bado nachora njia kwa bidhaa, chupa, viatu, masufuria, na uzuri mmoja ni kwamba InDesign inaweza kuyafanya maandishi yazunguke hilo umbo lenyewe badala ya kuzunguka boksi. Aya inayokumbatia bega la mtu kwenye jarida, watu wanadhani ni uchawi.

Kuna mteja alinipigia usiku anapiga kelele kwamba PDF ina mistari myeupe myembamba juu ya picha. Hiyo ni pale uwazi umebanwa kuwa bapa, programu imeikata picha vipande vipande na kuvipanga upya, na kwenye skrini maungio yanaonekana. Kuza, punguza, mstari ukihamahama au ukibaki uleule mwembamba, mara nyingi hautachapwa. Kuna aina za PDF za kuchapia: PDF/X-1a inalazimisha kubana hivyo, PDF/X-4 inauacha uwazi kama ulivyo mashine ya kule ndo ifanye, kwa hiyo uliza kiwandani wanataka ipi kabla hujatuma, simu moja tu.

Sahihi na muhuri kwenye vyeti vya shule usikate kabisa. Narudia, usikate. Mwalimu mkuu asaini kwenye karatasi nyeupe kwa peni nyeusi, skani kwa nukta 600 kwa inchi, geuza iwe nyeusi na nyeupe tupu bila kijivu, hifadhi kama faili la TIFF. InDesign ikiipokea hiyo weupe wake wenyewe hauchapwi, na unaweza kuipa rangi ya bluu humohumo ndani. Kama ni kijivu iache kijivu afu iwekee Multiply, nyeupe inapotea nyeusi inabaki, mradi iko juu ya rangi nyepesi maana juu ya giza itamezwa. Kwenye GIMP kuna Color to Alpha, inafanya weupe uyeyuke kidogo kidogo kulingana na ulivyo, kwa wino ni safi kuliko kuchagua na ile fimbo ya kichawi (Magic Wand).

Na kuhusu mihuri, kuna jamaa alikuja na barua ya ofisi fulani anataka nimtolee muhuri "uwe PNG" nimwekee kwenye barua nyingine. Nilimwambia mashine imeharibika. Imeharibika mpaka leo kila akija.

Saa hizi ustadhi kaleta picha ya kalenda ya mwaka huu. Kajifunza, kaituma kama dokumenti, megabaiti sita, raha. Ila safari hii ni walimu wote kumi na wawili, wamesimama chini ya mnazi, makuti yanapita katikati ya kofia zao, na jua la saa nne limewalaza vivuli vyao kwenye mchanga. Anataka mnazi utoke, mchanga utoke, ila vivuli vibaki "ili wasionekane wanaelea". Vivuli ntavikata peke yake, leya ya kijivu chini ya miguu, Multiply. Makuti ndo sijui. Nimemwomba anipe mpaka Alhamisi.